Panya wanatafuna vitambaa vya wateja wangu, na jirani ninayemshuku ndiye anayenishikia mtoto

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mbagala, hapa Dar es Salaam. Tumepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji sita, zile za koridoo katikati, choo na jiko viko uani. Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani nimeiweka sebuleni, wateja wananifuata hapo hapo, na nashukuru Mungu mwaka huu kazi imenikubali: sare za kicheni pati, madera, magauni ya Idi. Mume wangu anaendesha bodaboda, kwa hiyo kutwa nzima nyumbani nipo mimi na mtoto, ambaye hajatimiza miaka miwili na kila akiokotacho chini anakitia mdomoni.

Shida yangu ni panya. Najua utacheka, watu wanakuandikia mambo ya ndoa na mirathi, mimi naleta panya. Nilianza kusikia vishindo vidogo darini usiku, nikasema ni mijusi. Baadaye nikawa nikifagia asubuhi nakuta vitu vyeusi kama punje za mchele nyuma ya kabati la vyombo na chini ya cherehani. Sebule ikaanza kunuka mkojo, nikawa namgombeza mtoto. Hadi siku nilipofungua mfuko wa vitenge vya mteja, nilivyokuwa nimevikunja vizuri vinasubiri kukatwa, nikakuta kona imetafunwa. Ukikikunjua kitenge unaona matundu yamejipanga mstari, kila kunjo na tundu lake. Nilikwenda Kariakoo nikakipata kitenge kile kile, nikalipa kwa hela yangu. Mara ya pili wametafuna sare ya kicheni pati, na kitenge hicho kimekwisha madukani. Bibi harusi mtarajiwa anapiga simu kila siku, namwambia bado namalizia shingo.

Sasa linaloniumiza zaidi. Jirani wa chumba kinachotazamana na changu anauza nafaka na dagaa. Mchana anapanga barazani, jioni anaingiza magunia chumbani kwake. Asubuhi naona punje zimezagaa koridoo mpaka mlangoni kwangu. Siwezi kuapa kwamba nimewaona panya wakitoka kwake, lakini watatoka wapi kwingine? Na huyo ndiye anayenishikia mtoto nikienda kununua zipu na nyuzi. Ndiye aliyenikopesha hela ya mota ya cherehani, hajanidai hata siku moja. Tuko kikoba kimoja. Nitaanzaje kumwambia "panya wako wananitia hasara"?

Mwenye nyumba nilimpigia. Akasema yeye alijenga nyumba, panya tumekuja nao wenyewe. Tumeshalipa kodi ya miezi sita na bado imebaki minne.

Mume wangu amechoka na malalamiko. Amenunua sumu kwa machinga stendi, vipakti viwili havina maandishi yoyote, ameambiwa inaua palepale. Anataka aichanganye na dagaa aweke nyuma ya kabati na darini. Nimemzuia, naye anasema nawatetea panya kuliko familia.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kutusalimia, akaona vile vitenge. Akasema panya hatafuni nguo za mtu hivi hivi, kuna mkono wa mtu. Kazi imeninyookea, watu wana kijicho, nitazame aliye karibu yangu. Hakumtaja mtu, lakini tangu siku ile nikimpa jirani mtoto moyo unasita, na najichukia kwa hilo.

Nimwambie? Niache mume aweke sumu? Au nihame na nipoteze kodi? Nisaidie Shangazi.

Fundi, Mbagala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Wala sicheki. Panya amewahi kuvunja ujirani mwingi tu, na akaharibu mitaji ambayo mkopo wake bado haujaisha.

Umeniandikia habari za panya, lakini nikiirudia barua yako naona usiku hukoseshwi usingizi na vishindo vya darini peke yake. Unaogopa kumpoteza mtu aliyekuwa dada kwako, na humo humo umepandiwa wazo kwamba huenda dada huyo hakutakii mema. Mume anataka jambo liishe leo. Mwenye nyumba amejivua. Mteja anasubiri. Na wewe umebeba yote hayo kimya, kwa sababu panya ni aibu. Mwanamke akisema ana panya anaona kama amesema ni mchafu. Hilo la aibu tuliweke kando kwanza. Panya hachagui mchafu. Anafuata chakula, joto na pa kujificha, na nyumba safi yenye vitu hivyo vitatu humfaa vizuri sana.

Tuanze na kumjua ni nani, maana hapo utapata majibu ambayo kushuku hakukupi. Punje nyeusi ulizozikuta, kama kweli ni ndogo kama mchele na zimechongoka ncha, ni za panya mdogo wa nyumbani, yule kipanya ambaye mzima hazidi gramu 30. Mavi ya panya mkubwa wa paa ni marefu, hufika sentimita moja na kupita. Ya mjusi uliyemdhania mwanzo huwa na kidoa cheupe upande mmoja, hayo huwezi kuyakosea. Wala si panya buku; buku ana heshima zake pale Morogoro, amefundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Wako hana ajira yoyote. Harufu ya mkojo inalingana naye pia, kwa hiyo mwombe mtoto radhi. Ukitaka uhakika, usiku kabla ya kulala nyunyiza unga au poda kidogo sakafuni kando ya ukuta, nyuma ya kabati na karibu na cherehani. Asubuhi utaona vinyayo na utajua wanapita wapi na wanaelekea upande gani. Jambo hili dogo naomba ulifanye kabla ya kumwambia mtu yeyote neno lolote.

Kwa nini nakazania? Kwa sababu kipanya huyu hatembei mbali. Kwa kawaida mizunguko yake yote, kutoka kiotani hadi kwenye chakula, iko ndani ya mita 3 hadi 10. Anapita kwenye upenyo wa milimita 6 tu, yaani penye kuingia penseli panamtosha. Sasa hesabu mwenyewe. Chumba cha jirani kiko ndani ya umbali huo, sikatai, na magunia ya nafaka ni karamu. Lakini mavi mengi yakikutwa mahali, na vitambaa vikikatwa hapo hapo, mara nyingi kiota nacho hakiko mbali. Na panya hali kitenge, mwanangu. Anakinyofoa vipande laini akatandike kiota cha wanawe. Basi nikuulize: mabaki ya vitambaa unayaweka wapi? Nina hakika kuna mfuko wa salfeti au boksi umelijaza vipande vya kushonea viraka na mito, liko pembeni au chini ya meza, hujalifungua siku nyingi. Lifungue mchana, nje, mtoto akiwa mbali. Inawezekana kabisa jirani yako ndiye mwenye chakula na wewe ndiye mwenye godoro.

Sisemi hivyo ili nikutupie lawama badala yake. Nasema kwamba hata swali la "wametoka kwa nani" lina kasoro. Nyumba nyingi za koridoo za namna hiyo, kuta za vyumba hazifiki kwenye bati. Juu ya dari ni uwanja mmoja kuanzia chumba cha mbele mpaka cha nyuma. Ninyi mmepanga vyumba, wao wamepata nyumba nzima. Yule aliyeko chumba cha mwisho, ambaye hauzi kitu wala hashoni, muulize naye usiku anasikia nini.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Labda hawakuwahi kupanga Mbagala. Jike hubeba mimba wiki tatu hivi, huzaa watano, sita au zaidi, na hao wanawe wakifika wiki sita hivi wako tayari kuzaa. Ndiyo maana kimya chako, ingawa nia yake ni njema, kina gharama inayoongezeka kila mwezi. Na ndiyo maana pia namwelewa mumeo anapotaka haraka.

Lakini hiyo haraka yake inanitia hofu. Kipakti kisicho na jina la dawa, cha kuuzwa stendi, kinachosifiwa kuwa kinaua palepale: hiyo sifa ndiyo ya kuogopwa. Sumu nyingi za panya zilizosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani hufanya kazi polepole, zinazuia damu isigande, panya anakufa baada ya siku kadhaa, na hospitali ina vitamini K ya kumsaidia mtu aliyeila kwa bahati mbaya. Zinazoua kwa muda mfupi ni jamii nyingine. Kuna zinki fosfidi, ambayo ikifika tumboni hugeuka gesi na haina dawa ya kuibatilisha. Kuna viuatilifu vikali vya shambani ambavyo watu huvifungasha upya na kuviuza mitaani. Kipakti chako kina ipi? Hujui, mumeo hajui, na daktari atakayempokea mtoto usiku naye atakuwa hajui. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Viuatilifu nchini husajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa hiyo pakti halali huwa na lebo, jina la kiambata na namna ya kutumia. Isiyo na lebo usiifungue.

Sasa fikiri na huo mtego wa dagaa wenye sumu. Mtoto wako anaokota kila kitu. Na panya hali chakula chote papo hapo, mara nyingi anakibeba. Atakitoa nyuma ya kabati lako, atapita darini, na kipande kinaweza kudondoka kwenye gunia la mchele la jirani, mchele ambao kesho unauzwa mtaa mzima. Mwambie mumeo jambo hilo kwa utulivu, si kwa kumshinda hoja. Yeye anataka kuwalinda, na ameambiwa na mkewe "usifanye" bila kuambiwa "fanya hivi". Mpe la kufanya. Na kwa usalama, ikitokea mtoto amegusa sumu yoyote ile, msihangaike na maziwa wala kumtapisha. Mchukueni na kipakti chenyewe mkimbie hospitali, hata kama anacheza na anaonekana mzima, kwa sababu zile za polepole huonyesha madhara siku za mbele.

La kumpa ni mitego. Mitego ya springi, ile ya zamani ya ubao, na kosa la wengi ni kuweka mmoja katikati ya chumba. Kipanya anatembea kando ya ukuta, ubavu wake ukigusa, hapendi uwazi. Mtego unakaa ukutani, upande wenye chambo ukitazama ukuta, na mingine kila baada ya hatua mbili tatu kwenye njia ulizoziona kwa ule unga. Wekeni mingi kwa usiku mmoja. Kipanya ana udadisi, anakuja kuchungulia kitu kipya, tofauti na panya mkubwa ambaye anaweza kukiepuka kwa siku kadhaa. Chambo kiwe kidogo sana: karanga iliyosagwa inayonata, au kipande cha nazi, au dagaa aliyefungwa kwa uzi asinyofolewe. Uzi unao. Hata kipande cha pamba kinamvuta yule anayetafuta matandiko. Itegwe mtoto akishalala, iondolewe alfajiri kabla hajaamka, au ikae nyuma ya kabati asikoweza kufika. Gundi ya panya wengine wanaisifu. Mimi siipendi, inamtesa mnyama, inajaa vumbi, na mtoto wa umri huo atainasa kabla ya panya. Paka anasaidia, ila usimtarajie afike ndani ya ukuta, na paka na sumu haviwekwi nyumba moja.

Kuua bila kuziba ni kazi isiyoisha. Zunguka na mumeo mchana mtazame chini ya mlango, panapopita waya na bomba, kona za sakafu, pale dari inapokutana na ukuta. Vitundu vidogo mvijaze stili waya ya kusugulia masufuria, muisokomeze kwa nguvu kisha msiribe saruji juu. Tambara na karatasi wanatafuna kwa dakika chache. Chini ya mlango pigilieni ubao au kipande cha bati. Vitambaa vya wateja vikae kwenye ndoo kubwa zenye mifuniko inayobana, au sanduku la bati, na mabaki nayo hivyo hivyo, au yauzwe.

Kusafisha kuna utaratibu wake. Mavi makavu usiyafagie, vumbi lake halifai kuvutwa puani. Yalowanishe kwanza kwa maji yaliyotiwa Jik, sehemu moja kwa tisa, subiri dakika chache, pangusa kwa karatasi ukiwa umevaa glavu, kisha nawa kwa sabuni. Unakumbuka Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza homa ya mgunda kule Lindi? Ugonjwa ule husambaa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Sikutishi, ila vyombo vya kulia visilale wazi, na vioshwe kabla ya kupakulia.

Turudi kwa jirani. Unajiuliza umwambie au usimwambie, kana kwamba cha kumwambia ni kimoja tu, "panya wako". Yapo maneno mengine. Unaweza kumfuata ukiwa na hasara yako mkononi: "Dada, angalia kitenge cha mteja. Kwako usiku huwasikii?" Halafu unyamaze. Mfanyabiashara wa nafaka hawezi kukosa magunia yaliyotobolewa. Huenda yeye naye ana miezi anaficha, akiogopa kwamba ukijua utasambaza maneno na wateja wamkimbie. Huenda hata anakushuku wewe na maboksi yako! Mkifika hapo mnaweza kupanga pamoja: magunia yainuliwe juu ya mbao na yaachane na ukuta ili mavi yaonekane mapema, dagaa na unga uliofunguliwa viingie kwenye ndoo zenye mifuniko, koridoo ifagiliwe jioni badala ya asubuhi, maana panya anakula usiku. Punje za asubuhi ni makombo yake.

Njia hiyo nayo ina hatari yake. Anaweza kuchukia. Anaweza kuona deni la mota limegeuka kamba ya kumfunga mdomo au, kinyume chake, kwamba wewe umesahau fadhila. Unamjua kuliko mimi. Kama ni mtu wa kukasirika mbele ya watu, mfuate mkiwa wawili tu, mtoto akiwa mapajani mwake. Kama unaona huwezi kabisa kulianza peke yako, kuna njia ya kuitisha wapangaji wote sita na kulifanya la nyumba nzima, bila kumtaja yeyote. Hiyo humwondolea mtu fedheha, ingawa unaweza kukuta wanne wanasema "sisi hatuna panya" wakitazama chini.

Kwenda kwa afisa afya wa kata ni haki yako pia. Fikiri tu kitakachofuata: atakapokuja atakagua chumba chenye magunia ya chakula, na jirani anaweza kuzuiwa biashara kabla hujapata nafasi ya kumweleza lolote. Mimi nisingeiweka ya kwanza. Lakini sijui mtoto wako ana afya gani, wala hali itakuwaje mkishindwana, kwa hiyo usiifute.

Mwenye nyumba amejibu vile kwa sababu ulimpigia peke yako, na ulimwambia kuhusu panya. Panya ataendelea kuwakana. Matundu ya ukuta, dari iliyobomoka na mlango ulioachana na sakafu ni vya nyumba yake, hivyo hawezi kuvikana kwa urahisi. Pigeni picha, mpelekeeni kwa maandishi wapangaji wote, mpendekeze mnunue saruji na wavu wa chuma ninyi halafu akate kwenye kodi ijayo. Anaweza kukataa. Hapo itabidi mpime kama mchango wenu wenyewe haupungui kuliko hasara ya kitenge kimoja cha mteja.

Kuhama nako nisikufungie mlango. Lakini kodi ya miezi minne ni hela, na ukihamisha boksi la mabaki ya vitambaa bila kulikagua unaweza kuhama nao, mama na watoto. Zaidi ya hapo, ukihama sasa utaondoka na shaka juu ya jirani yako bila kuipatia jibu, na shaka ya namna hiyo haibaki kwenye nyumba ya zamani.

Mama mkwe mheshimu. Amekuona umeumia, akakupa maelezo kwa namna ya wazee wake. Kisomo kikifanyika nyumbani kwako hakuna ubaya, dua haimzuii mtu kuziba tundu. Ila jiulize swali moja: kabla hajasema lile neno, jirani yako aliwahi kukupa sababu yoyote ya kumwogopa? Barua yako nzima inaonyesha mtu anayekulelea mtoto na asiyedai deni. Kama sababu ipo na hukuiandika, hilo ni jambo jingine, niandikie tena. Kama haipo, basi moyo unaosita unaposhikisha mtoto unasikiliza neno la mgeni wa siku chache. Si dhambi moyo kusita, wala usijichukie kwa hilo.

Mteja wa sare mpigie leo. Mwambie kitenge kimepata dosari na kile kimekwisha madukani, mpe la kuchagua: kuunganisha kwa kitambaa cha rangi moja kwenye mikono au pindo, kumwazima mmoja wa wenzake aliyebakiza kipande, au umrudishie hela yake. Mafundi wanajua kuificha dosari ikageuka mtindo, na kicheni pati haiahirishwi kwa sababu ya pindo.

Mkishatega na kuziba, endeleeni kunyunyiza unga usiku mmoja mmoja. Ukipita kama wiki mbili bila kinyayo wala punje mpya, mko vizuri. Wakizidi mitego, kuna wataalamu wenye vibali wanaoweka sumu ndani ya visanduku vilivyofungwa ambavyo mkono wa mtoto hauingii, na gharama yake wapangaji sita mnaweza kuigawana. Vile vipakti viwili vya stendi mumeo asivitupe jalalani wala chooni. Vikae juu, mahali palipofungwa kwa ufunguo, mpaka mumuulize afisa afya pa kuvipeleka.

Shangazi